Kuona RNA adimu ndani ya seli nzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi na mateknishani wa maabara, kuanzia Kampala na Entebbe mpaka Mbarara na Gulu, wanaulizana kila wakati. Nimeyaweka pamoja, ya msingi yako juu na magumu yako chini, na kama kitu kimeshajibiwa sitakirudia, nitakutuma kwa namba yake.

## Ya msingi

1. Hii mbinu inafanya nini hasa?

Unachukua seli, unaifiksi na formaldehaidi ikiwa bado nzima (yaani unaikaza ilivyo kwa kemikali), alafu unaingiza vipande vifupi vya DNA vya uzi mmoja ambavyo herufi zake zinakamilishana na zile za RNA unayoitafuta. Hivyo vipande ndio tunaita probu, na vimebeba rangi inayowaka ukiipiga mwanga wa aina fulani. Probu ikikutana na RNA yake inashikana nayo, zile ambazo hazijashika unaziosha zinatoka, na kwenye maikroskopu unaona vidoa vya mwanga. Kama kila kitu kimeenda sawa kila kidoa ni molekuli moja ya RNA. Jina la kawaida ni FISH, na ile inayofika mpaka kuona molekuli moja moja inaitwa smFISH.

Sio kitu cha jana. 1969 Joseph Gall na Mary Lou Pardue walishaonyesha kwamba unaweza kushikanisha probu na shabaha yake ndani ya seli yenyewe, wakati huo probu zilikuwa na mionzi sio rangi. 1998 kundi la Robert Singer kule New York likaonyesha molekuli moja moja za mRNA, ile RNA inayobeba ujumbe wa jeni, kwa probu chache ndefu, kila moja imebeba rangi kadhaa. Alafu 2008 Arjun Raj, Sanjay Tyagi na wenzao wakarahisisha, probu nyingi fupi na kila moja rangi moja tu, na hiyo ndio wengi wetu tunafanya mpaka leo.

2. Si nifanye qPCR tu, mbona nijisumbue?

Kama swali lako ni "kwenye hii tyubu kuna RNA kiasi gani" fanya qPCR, ile ya kupima RNA ya seli zilizosagwa pamoja, ni rahisi na ni ya haraka, usijitese. Lakini ukishasaga seli umepoteza habari ya nani alikuwa na nini. Wastani wa molekuli moja kwa seli unaweza kumaanisha kila seli ina moja, na unaweza kumaanisha seli 99 hazina kitu na moja ina 100, na hizo ni baiolojia mbili tofauti kabisa ingawa qPCR inakupa namba ileile. Kwa mtu anayetafuta virusi vilivyojificha, ama uvimbe ambapo seli chache tu ndio zimewasha jeni mbaya, hiyo tofauti ndio swali lenyewe.

Kitu kingine ni mahali. FISH inakuambia kama RNA imebaki kwenye kiini ama imetoka, kama iko upande mmoja wa seli, kama seli jirani nayo inayo. Tyubu haiwezi kukuambia hayo.

3. "Adimu" ni ngapi?

Seli ya binadamu ina mRNA laki kadhaa kwa jumla, na hizo zote ni asilimia chache tu ya RNA iliyomo manake sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80, ni RNA ya ribosomu. Ndani ya hizo laki kadhaa kuna jeni zenye nakala elfu na zaidi, na kuna nyingi sana zenye nakala moja mpaka kumi hivi kwa seli. Hizo za mwisho ndio tunaita adimu, na pia zile ambazo seli nyingi hazina kabisa.

Mfano wa kukupa picha ni EBER, RNA ndogo za virusi vya Epstein-Barr. Hivi virusi viligunduliwa 1964 kwenye sampuli za uvimbe wa Burkitt zilizotoka hapa Uganda, ule uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza 1958 akiwa Mulago. EBER zinafika hata milioni kwa seli moja, ndio maana patholojia wanaipima kwa rangi ya kawaida na maikroskopu ya kawaida. Sasa kutoka milioni mpaka tatu ndio safari tunayoizungumzia hapa, na ukichukua tabia za EBER ukazileta kwa RNA ya nakala tatu utapotea.

4. Naweza kuangalia seli ikiwa hai?

Hapana, seli imeshafiksiwa. Kuna mbinu za seli hai lakini nyingi zinataka ubadilishe jeni yenyewe kwanza, hiyo ni kazi nyingine.

## Probu

5. Kwa nini probu nyingi dhaifu badala ya moja yenye nguvu?

Hili ndio swali ninaloomba watu walielewe kabla ya kununua chochote.

Ukiwa na probu moja inayowaka sana, ikishika mahali pasipo pake itawaka hivohivo, na huna njia ya kujua ipi ni ya kweli. Ukiwa na probu 30 ama 48, kila moja ina mwanga mdogo ambao peke yake hata hauonekani vizuri, basi ikitokea moja imeteleza ikashika protini ama RNA nyingine inabaki ukungu tu wa nyuma. Ili kidoa kionekane lazima probu nyingi zikutane sehemu moja, na sehemu pekee ambapo zote zina sababu ya kukutana ni kwenye RNA yako. Ni kama mashahidi wa mgogoro wa shamba, mmoja anaweza kukosea ama kudanganya, lakini thelathini wasiojuana wakitaja mpaka uleule unaanza kuamini.

Kwa hiyo nguvu ya smFISH haitoki kwenye rangi kali, inatoka kwenye makubaliano. Ukishaelewa ivo utaelewa pia kwa nini kupunguza probu ili kuokoa pesa kunaharibu kitu chenyewe, na kwa nini kuongeza mwanga hakusaidii kama hujaongeza makubaliano.

6. Probu ngapi, na nazipangaje?

Kawaida ni herufi 20 kila moja, na kati ya moja na nyingine unaacha nafasi ya angalau herufi mbili. Hesabu yake ni nyepesi: probu 48 za herufi 20 na nafasi mbilimbili zinakula kama herufi 1,050 za RNA. Kama RNA yako ni ndefu basi umeshapona. Wengi wanaanza kuona vidoa vya kuaminika kuanzia probu 25 ama 30, chini ya hapo kidoa kinaanza kufanana na uchafu.

Chagua zenye G na C karibu asilimia 45 ili zote zishike na kuachia kwenye joto linalokaribiana. Ondoa zile zinazofanana na RNA ya ribosomu hata kidogo, manake ribosomu ziko mamilioni kwenye seli na zitakuwakia kila mahali. Ondoa sehemu zinazojirudia. Pia angalia kama jeni yako ina ndugu wanaofanana nayo, na kama wapo weka probu sehemu ambazo hao ndugu wanatofautiana, mara nyingi ni ule mkia wa 3', mwisho wa RNA usiotafsiriwa kuwa protini. Kuna programu za bure za kupanga probu, kama OligoMiner, lakini usichukue orodha ikatoka kwenye kompyuta ikaenda moja kwa moja kwenye oda, kaa nayo, pitia probu moja moja.

7. RNA yangu ni fupi ama mwanga hautoshi. Nitumie njia za kuongeza mwanga?

Zipo na zinafanya kazi. RNAscope ilitoka 2012, hapo probu zinakaa jozi jozi, zote mbili lazima zishike jirani ndio mti wa kuongeza mwanga ujengeke juu yake, na kwa jozi 20 unaweza kufikisha mpaka lebo 8,000 kwa RNA moja. HCR ilianza 2004 na toleo lake la tatu la 2018 linatumia wazo hilohilo la nusu mbili. Angalia hapo: zote mbili zimelazimika kurudi kwenye makubaliano ya swali la 5, manake bila hayo mashine ya kuongeza mwanga inaongeza na uongo.

Maoni yangu ni kwamba kwa vipande vya tishu, hasa vilivyohifadhiwa kwenye parafini (nta), ongeza mwanga, hutafika bila hivo. Kwa seli zilizokaa kwenye slaidi na RNA yenye herufi zaidi ya elfu moja, baki na smFISH ya kawaida kwanza, kuhesabu ni rahisi na kasoro unaiona kwa urahisi.

8. Bei ni kali. Kuna njia ya sisi wa huku?

Ipo na mimi naipendekeza bila kusita, inaitwa smiFISH, ilichapishwa 2016. Badala ya kuweka rangi kwenye kila probu unaagiza probu zisizo na rangi, ambazo ni oligo (vipande vifupi vya DNA) za kawaida za bei ya chini, kila moja ina mkia uleule. Alafu unaagiza oligo moja tu yenye rangi inayoshika huo mkia. Kesho ukibadilisha jeni unaagiza probu mpya za bei ndogo, ile yenye rangi ni ileile ya zamani. Oda moja inatosha majaribio mengi sana.

Jambo jingine linalotufaa ni kwamba oligo zikija kavu zinavumilia joto la kawaida kwa wiki kadhaa, ivo hata mzigo ukichelewa forodhani Entebbe hazijafa. Ile yenye rangi ndio uifiche na mwanga, ifunge foili ukishaiyeyusha, igawe kwenye tyubu ndogondogo uweke friza.

## Sampuli na benchi

9. Nifiksi lini, na kwa muda gani?

Mapema iwezekanavyo, na hapa ndio kazi nyingi za RNA adimu zinapofia kabla hata hazijafika maabara. Kuna mRNA ambazo nusu ya maisha yake ni nusu saa tu ama chini ya hapo. Damu ikitolewa kwenye kituo cha afya ikakaa mezani, ikapanda boda, ikangoja mapokezi, hizo seli zimeshashtuka zimewasha jeni za mfadhaiko na kuzima nyingine, na wewe utapima safari badala ya mgonjwa. Panga kufiksi karibu na mahali sampuli inapotolewa ama punguza muda na uandike saa ya kutoa na saa ya kufiksi kwa kila sampuli, ili wote walau wamesubiri sawa.

Kwa seli zilizokaa kwenye slaidi formaldehaidi ya asilimia 3.7 mpaka 4 kwa dakika kumi inatosha. Ukizidisha sana unafunga mtandao wa protini mpaka probu haipiti, ukipunguza RNA inatoka wakati wa kuosha. Baada ya hapo ethanoli ya asilimia 70 kwenye friji ya nyuzi 4 usiku mzima, inatoboa utando na pia ni ghala, seli zinakaa humo siku kadhaa bila shida.

10. RNase ni hatari kama wanavyosema?

Ndio, ni kweli kabisa. Ni enzaimu ngumu inayokatakata RNA, oktoklevu haitoshi kuiua na iko kwenye vidole vyako. Glavu zibadilishwe ukigusa simu ama mlango, maji yawe yametibiwa na DEPC (kemikali inayozima RNase) ama yamenunuliwa safi, pipeti na benchi ya RNA zisichanganywe na za kusafisha plasmidi (DNA ndogo za bakteria) ambapo watu wanamwaga RNase A kwa makusudi. Ndani ya seli iliyofiksiwa RNA imejilinda kiasi, ila ukiwa na nakala tatu huna ya kupoteza.

11. Nipe hatua kwa ufupi.

Seli zimefiksiwa na ziko kwenye ethanoli (swali la 9). Unaziosha kwa bafa yenye 2×SSC (maji ya chumvi) na formamaidi asilimia 10 (inayolegeza kushikana kusikostahili), dakika tano. Unaweka mchanganyiko wa probu: 2×SSC, formamaidi asilimia 10, dekstrani salfeti asilimia 10, na probu zako kwa kiwango ambacho umekipima mwenyewe kwa kujaribu mchanganyiko mkali na mwepesi. Unafunika, unaweka kwenye boksi lenye tishu iliyoloa maji ili isikauke, nyuzi 37 usiku mzima gizani. Asubuhi unaosha mara mbili kwa bafa ileile ya formamaidi, nusu saa nusu saa kwa nyuzi 37, ya pili unaweka DAPI ya kuonyesha viini. Alafu 2×SSC, unaweka dawa ya kuzuia rangi kufifia, unapiga picha siku hiyohiyo.

Formamaidi inadhuru mimba na formaldehaidi inasababisha saratani, fanya chini ya hudi (kabati la kufyonza hewa), na mjamzito asizishike kabisa, mpangie hatua nyingine ya kazi.

12. Stima ikienda usiku probu zikiwa ndani ya inkubeta?

Joto likishuka kutoka 37 mpaka joto la chumba masharti ya kushikana yanalegea, probu zinaanza kukubali hata wasio wao, ivo utaona ukungu zaidi. Haijafa lakini. Osha asubuhi kwa muda mrefu zaidi kwa 37 kamili, manake kuosha ndio kunachuja. Kubwa zaidi ni kwamba slaidi za kontroli (za kulinganishia, swali la 18) zililala inkubeta ileile usiku uleule, kwa hiyo linganisha na hizo, usilinganishe na picha za wiki iliyopita stima ikiwepo. Kilichokauka kitupe, chumvi na probu zikikauka kwenye seli zinang'aa na hazitoki tena.

## Maikroskopu na kuhesabu

13. Lazima niwe na konfoko?

Hapana, na kwa RNA adimu mara nyingi konfoko (maikroskopu ya leza inayopokea mwanga wa tabaka moja tu) inakurudisha nyuma manake inatupa mwanga mwingi na wewe mwanga wako ni mchache. Maikroskopu ya kawaida ya floresensi yenye lenzi ya mafuta 60× ama 100×, namba ya upenyo 1.3 mpaka 1.4, filta safi na kamera nzuri iliyopozwa, inafanya kazi vizuri kabisa. Piga picha kwa tabaka, kila tabaka mikroni 0.2 ama 0.3, kuanzia chini ya seli mpaka juu, manake seli ina kina na kidoa kilicho juu hakionekani ukilenga chini.

Usitegemee macho. Rangi za nyekundu ya mbali kama Cy5 jicho la mtu haliioni karibu kabisa, kamera ndio inaiona. Watu wameshatupa slaidi nzuri kwa sababu walichungulia wakakuta giza.

14. Kila kitu kinawaka, hata slaidi isiyo na probu.

Huo ni mwanga wa seli wenyewe. Chembe nyekundu za damu, lipofusini ya tishu za watu wazima, kolajeni, vyote vinawaka, na vinawaka zaidi kwenye kijani. Ondoa RNA yako adimu kwenye chaneli ya kijani, ipeleke nyekundu ya mbali, kijani uachie jeni yenye nakala nyingi ama usiitumie. Sudan Black B inapunguza lipofusini. Na njia nzuri ya kutambua: piga pia chaneli ambayo haina rangi yoyote, chembe inayowaka kwenye chaneli zote kwa pamoja sio RNA, ifute kwenye hesabu.

15. Nahesabuje bila kujidanganya?

Fiji, programu ya picha, ni ya bure, kuna RS-FISH ya kuhesabu vidoa ndani yake, kuna FISH-quant, na Cellpose inakuchorea mipaka ya seli. Programu itakuuliza kiwango cha mwanga ambacho juu yake kitu kinahesabiwa kidoa. Chora grafu ya idadi ya vidoa dhidi ya hicho kiwango: probu zikiwa nzuri utaona sehemu tambarare ambapo ukisogeza kiwango kidogo idadi haibadiliki sana. Chagua hapo katikati. Kama hakuna tambarare, idadi inashuka tu kama mteremko, basi vidoa na uchafu havijatengana na hakuna kiwango kitakachokuokoa, rudi kwenye probu ama kwenye kuosha.

Kiwango kikishachaguliwa kitumike kilekile kwa sampuli zote na kontroli zote za siku hiyo, na anayehesabu asijue slaidi ipi ni ya mgonjwa. Hili la mwisho watu wanaliruka na linauma, manake jicho linalotamani kidoa litakipata.

16. Naona vidoa viwili vikubwa vinang'aa kwenye kiini, ni uchafu?

Pengine ni kitu kizuri. Jeni inaandikwa kwa mikupuo, na pale inapoandikwa RNA kadhaa zinakuwa zimejazana sehemu moja, ndio maana kidoa ni kikubwa, na viwili kwa sababu una nakala mbili za jeni. Ukitaka kuhakikisha tengeneza probu za introni (sehemu za RNA zinazokatwa kabla haijakamilika) kwa rangi nyingine, zinatakiwa ziwake hapohapo. Kwenye hesabu ya molekuli usivihesabu kama moja moja.

17. Seli nyingi zina sifuri. Sifuri ina maana gani, na nihesabu seli ngapi?

Kama wastani ni molekuli 0.3 kwa seli na zimetawanyika kwa bahati tu, basi seli kama asilimia 26 ndio zitakuwa na angalau moja, zilizobaki ni sifuri na hakuna ajabu yoyote ya kibaiolojia hapo. Kwa hiyo usikimbilie kusema kuna makundi mawili ya seli. Linganisha kwanza na huo mtawanyiko wa bahati, ukikuta seli zenye kumi kumi ndio useme kuna kundi. Kumbuka pia mbinu haikamati kila molekuli, sifuri moja ya seli moja haithibitishi kitu.

Kwa seli adimu hesabu ni kali zaidi. Seli moja kati ya 10,000 ikiwa ndio chanya, unahitaji kupitia kama 30,000 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukutana na hata moja. Ikiwa moja kati ya milioni, kama zile seli za CD4 zenye HIV iliyolala kwa watu wanaotumia ARV vizuri, ni milioni tatu, na hapo maikroskopu umeiacha, unahamia FISH ya kwenye flo saitometa, mashine inayopima seli moja moja zikipita kwa kasi.

## Kontroli

18. Kontroli zipi siwezi kuziacha?

Kama pesa ni kidogo punguza idadi ya jeni, usipunguze kontroli. Kwanza sampuli ambayo unajua kabisa haina RNA hiyo: seli zilizofutwa jeni, ama kwa virusi, seli za mtu asiye na maambukizi zilizopita njia ileile siku ileile. Hii ndio kubwa kuliko zote, manake idadi ya vidoa vyake ndio sakafu yako, na RNA ya nakala mbili kwenye sakafu ya nakala mbili haipo.

Pili probu za kitu kisichokuwepo kwenye seli za binadamu, wengi wanatumia dapB ya bakteria Bacillus subtilis. Tatu kontroli ya kuonyesha RNA bado ni nzima, na hapa usichague jeni yenye nakala maelfu, hiyo itawaka hata RNA ikiwa imeoza nusu. Kwa shabaha adimu chagua yenye nakala chache kama POLR2A. Nne, kama RNA ni ndefu, gawa probu makundi mawili yenye rangi mbili: vidoa vinavyokaa mahali pamoja kwa rangi zote mbili ni vya kuaminika kuliko kontroli nyingine yoyote unayoweza kununua.

19. Niliweka RNase A na vidoa vikapotea, si inatosha?

Inaonyesha probu zilikuwa zimeshika RNA. Haionyeshi ni RNA gani. Ribosomu pia ni RNA, ndugu wa jeni yako pia ni RNA. Iweke lakini isikae badala ya zile za swali la 18.

## Sampuli za huku na kesi ngumu

20. Probu za HIV zilizochapishwa hazifanyi kazi kwenye sampuli zetu. Kwa nini?

Angalia zilipangwa kwa kufuata virusi gani. Nyingi zimefuata aina B, inayotawala Ulaya na Marekani, na hapa Uganda tuna A na D zaidi. Probu ya herufi 20 yenye tofauti mbili tatu katikati inashika vibaya ama haishiki. Kwenye seti ya 48 ukipoteza nusu bado unaweza kuona vidoa hafifu na ukadhani mgonjwa ana RNA kidogo, kumbe ni probu zako. Zipange upya kwa mfuatano wa A na D, lenga jeni za gag na pol ambazo hazibadiliki sana kama ile ya env, na jinomu ina karibu herufi 9,700 kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Hii inastahili kufanywa hapa na watu wa hapa, manake ndio sisi tunaoona hizo aina kila siku.

21. Malaria na malale je?

Plasmodium falciparum jinomu yake ni A na T karibu asilimia 80, ivo probu za herufi 20 zinashika kilegevu. Zirefushe, punguza formamaidi, tafuta zile sehemu chache zenye G na C. Na ile hemozoini, pigmenti ya kimelea, inaharibu picha kwenye chaneli zaidi ya moja, fuata ushauri wa chaneli tupu kwenye swali la 14.

Kwa tripanosoma, kimelea cha malale, kuna mtego mmoja: kila mRNA yake inaanza na kipande kilekile cha herufi 39. Ukiweka probu hapo umeshika mRNA zote za kimelea. Sisi tuna aina zote mbili za malale, gambiense na rhodesiense, kwa hiyo pia hakikisha probu zako zinalingana na ile unayoichunguza.

22. Kuna bloku za parafini za zamani hospitalini. Zinafaa?

Zingine ndio. Inategemea zilikaa kwenye formalini muda gani, saa 16 mpaka 32 ni sawa, lakini zilizokaa wikendi nzima ama wiki RNA imekatikakatika na imefungwa. Anza na POLR2A kwenye kila bloku, inayoshindwa itoe kwenye utafiti kabla hujajua matokeo ya jeni yako. Kata vipande upya, slaidi zilizokatwa zikakaa kabatini miaka usitumie. Na hapa utahitaji njia za swali la 7.

23. MicroRNA?

Ina herufi kama 22, probu moja tu ndio inaingia, kwa hiyo makubaliano ya swali la 5 hayapo. Unatumia probu ya LNA (herufi zilizoimarishwa kikemikali) inayoshika kwa nguvu, unaongeza kemikali ya EDC wakati wa kufiksi ili RNA fupi isioshwe, unaongeza mwanga. Vidoa vyake usivihesabu kama molekuli moja moja, sema "zaidi" ama "pungufu" ukilinganisha na kontroli.

24. Kifua kikuu?

Ukuta wa bakteria una nta, probu hazipiti mpaka uutoboe na lisozaimu, na mRNA zake zinaishi dakika chache. RNA ya ribosomu inaonekana vizuri. mRNA adimu ndani ya bakteria mmoja kwa mwanzo usianze nayo.

25. Nimekuta seli moja ina kidoa kimoja kati ya maelfu, kontroli hazina. Naandika chanya?

Bado. Jiulize kontroli ulihesabu seli ngapi, manake kama mgonjwa ulimhesabia seli 20,000 na kontroli 2,000 basi kontroli haijapewa nafasi ya kukosea. Zilingane kwanza. Alafu rudi kwenye picha ya hicho kidoa: kina umbo na mwanga kama vile vya kontroli chanya, kiko ndani ya seli kwenye tabaka zaidi ya moja, hakionekani chaneli tupu? Alafu seti ya pili ya probu kwa rangi nyingine, kwenye seli za sampuli ileile. Seli chanya zikionekana kwa seti zote mbili andika, pamoja na idadi ya seli ulizopitia kwa kila upande. Kama seti ya pili bado iko njiani, hifadhi seli zilizobaki kwenye ethanoli nyuzi 4, weka lebo yenye tarehe, na kwenye daftari andika kidoa kimoja kimeonekana, hakijathibitishwa.